Gari linanuka kuungua kila nikifika nyumbani

SWALI

Fundi, habari ya kazi.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa mjini, na tunaishi Kahawa Wendani na mume wangu na watoto wawili. Gari letu ni Toyota Fielder, injini ya 1500, gia otomatiki. Tumekuwa nalo miaka minne na halikuwahi kutusumbua mpaka Juni mwaka huu.

Nikitoka kazini nikapita Thika Road, nikifika nyumbani na kuzima injini, nasikia harufu ya kuungua. Nikiwa ndani haisikiki sana, labda dirisha liwe wazi na tuwe tumesimama kwenye foleni pale Allsopps au Githurai. Lakini nikishuka na kuzunguka upande wa abiria kumtoa mtoto, inanipiga puani. Ni kali na inawasha koo. Si harufu ya mafuta ya kupikia yaliyoungua. Ni kama zulia lililoshika moto. Baada ya nusu saa hivi inaisha. Asubuhi hakuna kitu.

Nilimwita fundi wa hapa karibu na steji. Alifungua boneti, akaona oili imelowa juu ya injini, akasema gasketi ya kava ya vali imekufa na oili inadondokea ekzosi. Nililipa shilingi 6,500, gasketi ikabadilishwa, harufu ikabaki pale pale. Fundi wa pili alipima kwa kompyuta. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Akaliendesha kidogo, akasema klachi za ndani ya giaboksi zimeungua, giaboksi ishushwe. Bei aliyonitajia ni mshahara wangu wa miezi miwili.

Kuna mambo mengine madogo ambayo huenda hayahusiani. Mafuta ya shilingi 2,000 yaliyokuwa yakinitosha siku nne sasa ni siku tatu. Kijana anayetuoshea gari analalamika kwamba rimu ya mbele kushoto haitakati. Kila Jumamosi anaikuta na vumbi jeusi kuliko zingine zote. Halafu kwenye lango la mtaa wetu kuna mwinuko. Zamani mlinzi akichelewa kufungua, nikitoa gia gari lilianza kurudi nyuma mpaka nikanyage breki. Siku hizi linakaa tu. Nilidhani hilo ni jambo zuri.

Niongeze pia kwamba kuanzia katikati ya Aprili hadi Juni nilikuwa Kakamega nikimuuguza mama. Baba Baraka haendeshi, kwa hivyo gari lilikaa nje kwa wiki nane za mvua, handibreki ikiwa imevutwa.

Baba Baraka anataka tuliuze lilivyo kabla halijashika moto. Mimi naogopa kuwabeba watoto ndani yake, na kuna siku narudi saa nne usiku peke yangu. Nifanye nini? Na je, ni salama kuliendesha wakati huu ninapotafuta jibu?

Mama Baraka, Kahawa Wendani

JIBU

Mama Baraka, pole kwa usumbufu na kwa pesa zilizokwisha kwenda. Mama huko Kakamega natumaini amepata nafuu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Usilirudishe gari hilo Thika Road mpaka gurudumu la mbele kushoto lifunguliwe na breki yake itazamwe. Panda matatu siku hizi mbili tatu. Najua kurudi saa nne usiku kwa matatu si raha, lakini afadhali usumbufu huo kuliko breki kukukataa ukiwa kwenye mwendo, na watoto wako nyuma.

Giaboksi usiiguse. Sijaliona gari, na fundi asiyeliona gari hana haki ya kuapa, lakini barua yako imenipa ushahidi ambao mafundi wawili walioliona hawakuutafuta. Breki ya mbele kushoto imekwama. Unapoondoa mguu kwenye kanyagio, yenyewe haiachii. Unaendesha kutoka mjini hadi Wendani huku gurudumu moja limefungwa breki njia nzima.

Hebu tazama ulichoandika. Harufu iko upande wa abiria, yaani kushoto, na unaisikia nje zaidi kuliko ndani. Oili inayoungua juu ya ekzosi huwa mbele chini ya boneti, na mara nyingi huingia ndani kupitia matundu ya hewa gari likisimama. Yako inakungoja nje, karibu na magurudumu. Vumbi jeusi kwenye rimu moja ni pedi ya breki inayosagika. Rimu za mbele huchafuka kuliko za nyuma kwa kawaida, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, lakini kushoto na kulia zinapaswa kuchafuka sawa. Mafuta yanaisha haraka kwa sababu injini inakokota gurudumu lililobanwa. Na lile lango la mtaa, Mama Baraka, ndilo lililonishawishi kuliko yote. Gari lililo huru, likiwa kwenye mwinuko bila gia na bila breki, lazima lirudi. Likikaa, kuna kitu kinalishika.

Hata harufu yenyewe umeieleza vizuri kuliko wateja wengi. Kama umewahi kuteremka Mai Mahiu ukiwa nyuma ya lori lenye mzigo, harufu ile kali inayokujia kutoka kwenye magurudumu ya lori ndiyo hiyo hiyo. Ni pedi za breki zilizopata joto kupita kiasi. Tofauti ni kwamba lori linashuka bonde la ufa na mzigo mgongoni, na wewe unapita Roysambu kwenye barabara iliyonyooka. Hapo haipaswi kuwepo.

Sasa nikueleze kinachotokea huko ndani, ili fundi atakapozungumza nawe ujue anasema nini. Fielder nyingi za injini ya 1500 zina diski mbele na ngoma nyuma. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kalipa ni chuma kinachoikumbatia diski hiyo, na ndani yake kuna pedi mbili, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, pistoni inaisukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Diski inabanwa pande zote mbili. Ukiachia, sili ya mpira iliyoizunguka pistoni inairudisha nyuma kidogo sana, chini ya unene wa ukucha, na pedi zinaacha kubana. Hakuna springi kubwa inayozivuta. Kila kitu kinategemea pistoni na pini ziweze kuteleza bila kizuizi.

Wiki nane za mvua za masika, gari halisogei. Unyevu unaingia kwenye vijaluba vya mpira vinavyofunika pini na pistoni, hasa vikiwa vimepasuka kwa uzee. Grisi inakauka, kutu inaanza. Gari linalotembea kila siku hujisugua na kujipasha joto, unyevu ukakauka. Lililosimama halina nafasi hiyo. Ulipolichukua Juni, pini au pistoni ilikuwa tayari imeshaanza kung'ang'ania. Handibreki uliyoiacha imevutwa nayo ina hatari yake, kwa kuwa lainingi za nyuma, yaani vibanio vya breki vilivyo ndani ya ngoma, zinaweza kugandana na ngoma au kebo ikakataa kurudi. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma nayo yakaguliwe siku hiyo hiyo. Ila vumbi la rimu linaniambia tuanze mbele kushoto.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe kabla hujampa fundi hata shilingi. Jumamosi asubuhi mapema, barabara za mtaani zikiwa wazi, endesha polepole humo humo Wendani kwa dakika kumi hivi, ukitumia breki kwa uchache. Simama mahali tambarare, weka gia kwenye P, na handibreki usiivute. Shuka, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Wewe ni muuguzi, mgongo wa mkono umepima homa za watoto wengi. Linganisha mbele kushoto na mbele kulia, kisha nyuma kushoto na nyuma kulia. Usilinganishe mbele na nyuma, utajidanganya. Rimu moja ikikutupia joto kama jiko na mwenzake wa upande wa pili ni vuguvugu, umepata jibu. Baadhi ya mafundi wana kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, na kinasaidia sana, mradi si kile cha kupima watu kwenye paji la uso wakati wa korona. Hicho hakifiki joto la breki.

Tafadhali usimwagie maji diski yenye moto ili ipoe. Nimeona vijana wa kuosha magari wakifanya hivyo kwa nia njema. Chuma chenye moto kikipigwa maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka, na baadaye kanyagio linaanza kutetemeka kila ukifunga breki.

Gereji sasa. Utakapofika, usiseme "gari linanuka." Sema: "Nataka gurudumu la mbele kushoto liinuliwe, tuone kama linazunguka." Maneno unayoanza nayo ndiyo yanayoamua fundi atafungua nini. Ukisema linanuka, atafungua boneti, maana huko ndiko mkono wake umezoea kwenda. Hakikisha gari linakaa juu ya stendi. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mtu mmoja aketi ndani, akanyage breki mara tatu nne na kuachia. Mwingine alizungushe gurudumu kwa mkono, gia ikiwa kwenye N, si P. La mbele lenye ekseli inayovutwa na injini halizunguki kwa wepesi kama la baiskeli, na litakwaruza kidogo, hiyo ni sawa. Lakini likigoma, au likihitaji mikono miwili na nguvu, breki haijaachia.

Hapo ndipo fundi mzuri anajulikana. Wa haraka atasema kalipa imekufa, tununue nyingine. Anayejua kazi atauliza kwanza kinachoishika ni nini. Kwenye kalipa kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Gurudumu likiwa limegoma, ailegeze. Mafuta ya breki yakichuruzika kwa nguvu na papo hapo gurudumu likalegea, basi kulikuwa na shinikizo lililofungiwa kwenye laini, na mtuhumiwa mkubwa ni mpira wa breki, ule mpira mweusi unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Mpira huo ukizeeka huvimba na kuchanika kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Mguu wako una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite. Ya kurudi yanapita polepole au hayapiti. Dawa ni kubadilisha mpira, na ubadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja. Lakini akilegeza skrubu na gurudumu likabaki limegoma vile vile, basi shida ni ya chuma: pini au pistoni.

Kwa historia ya gari lako nadhani itakuwa hiyo ya pili. Pedi zikitolewa, zitazame wewe mwenyewe. Moja ikiwa imelika mpaka karibu na bati na nyingine bado nene, kalipa ilikuwa haitelezi, na jicho liende kwanza kwenye pini. Pini zitolewe, zisuguliwe mpaka ziwe laini, zilizoliwa na kutu zibadilishwe, na zipakwe grisi maalumu ya breki inayostahimili joto na isiyodhuru mpira. Hili silitaji kwa kujaza maneno. Grisi ya kawaida, ile ya beringi inayokaa kwenye kopo kila gereji, ina mafuta yanayofanya mpira uvimbe, na baada ya miezi michache pini zinakwama tena na wewe unarudi palepale. Pistoni ikiwa ndiyo ngumu, itolewe, isafishwe, iwekewe sili na kijaluba kipya. Ikiwa imeshika kutu kwenye uso wake, basi ndiyo, kalipa ibadilishwe, na hapo pesa yako itakuwa imekwenda mahali panapostahili.

Pedi zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya mbele hata kama za kulia bado nzuri, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki. Ukienda Kirinyaga Road kununua spea, beba pedi ya zamani mkononi ulinganishe umbo, maana Fielder hutofautiana kwa miaka, na feki zipo nyingi. Diski itazamwe kama imegeuka rangi ya samawati, kama ina nyufa, na ipimwe unene. Kiwango cha chini kabisa kwa kawaida kimechapwa kwenye diski yenyewe. Beringi ya gurudumu hilo izungushwe na kusikilizwa, kwa sababu joto la wiki nyingi huyeyusha grisi yake.

Halafu mafuta ya breki. Watu wengi hapa Nairobi hubadilisha oili ya injini bila kukosa, na mafuta ya breki hawajui hata yanakaa wapi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi kwenye 140. Diski iliyobanwa njia nzima inapita joto hilo kwa urahisi, na kalipa inalipokea. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa kama puto. Unakanyaga, kanyagio linazama mpaka sakafuni, gari halisimami.

Ndiyo maana nimekuambia uache kuliendesha. Moto anaouogopa Baba Baraka unaweza kutokea kweli, lakini kinachonitisha zaidi ni mguu kuzama wakati gari la mbele limesimama ghafla. Mafuta yote yatolewe na kuwekwa mapya, kisha yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Ukimaliza matengenezo, rudia lile jaribio la mgongo wa mkono, na ulipeleke gari langoni pale kwenye mwinuko. Likirudi nyuma lenyewe ukitoa gia, shangilia. Pedi mpya nazo hunuka kidogo siku za kwanza zinapozoeana na diski. Harufu hiyo ni hafifu, iko pande zote mbili sawa, na huisha baada ya siku chache. Usije ukashtuka ukadhani umeibiwa tena.

Kuhusu mafundi wako. Wa kwanza simlaumu sana. Oili ilikuwepo kweli, na ikidondokea ekzosi hunuka kweli, ila hutoa moshi mwepesi wa samawati na harufu nzito ya mafuta, na wewe umeieleza kama zulia. Kosa lake ni kwamba hakuzunguka gari. Wa pili ndiye anayeniumiza. Kompyuta husoma yale tu yenye vihisio, na kalipa ya gari lako haina kihisio cha kusema imekwama. Kutoonyesha kosa kulikuwa ni sababu ya kuinama na kutazama magurudumu. Giaboksi iliyoungua huonekana kwenye mafuta yake, ambayo hugeuka meusi na kunuka, na gari huchelewa kushika au huvuma likiongeza mwendo. Alipaswa kukuonyesha mafuta hayo kabla ya kutaja bei. Mtu akikuambia giaboksi ishushwe, mwombe hilo kwanza, kila mara.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine ambao magari yao yananuka kwa namna nyingine, niseme machache. Harufu tamu tamu, kama sharubati iliyoungua, ni kulanti, maji ya kupoza injini, inayovuja. Tazama kiwango chake injini ikiwa baridi, na usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Mpira unaoungua pamoja na mlio wa kukereza ukiwasha gari ni fenibelti inayoteleza. Mayai yaliyooza hutoka kwenye ekzosi au kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi. Klachi ya gari la gia za mkono hunuka kama karatasi iliyoungua, na anayeshikilia gari kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki ataijua mapema. Kabla ya yote hayo, chungulia chini ya gari: karatasi ya nailoni iliyogandia ekzosi, nyasi kavu, kitambaa kilichosahaulika na mwosha gari juu ya injini, kiota cha panya. Nimevitoa vyote hivyo kwa nyakati tofauti. Petroli mbichi ikinuka, gari halisogezwi wala haliwashwi.

Iliyo mbaya kuliko zote ni plastiki inayoungua. Hiyo ni nyaya. Magari yetu yanafungwa alamu, redio kubwa, taa za ziada na vifaa vya kufuatilia gari, na nyingi za kazi hizo hufanywa kwa kuchuna waya na kuzungusha selotepu. Fyuzi ikikatika mara mbili, mtu anaweka kubwa zaidi, au anaifunga kwa kipande cha waya. Fyuzi imewekwa ikatike kabla ya waya kuungua. Ukiizuia kukatika, waya ndio unaoungua, ndani ya dashibodi, miguu yako ikiwa hapo. Ukisikia harufu hiyo, simama, zima, shukeni wote, na kama hakuna moshi wala moto toa kichwa hasi cha betri. Usingoje ufike nyumbani.

Na ikitokea, Mama Baraka, uko njiani usiku na gurudumu limeanza kufuka moshi: punguza mwendo taratibu, washa taa za dharura, toka barabara kuu uingie kituo cha mafuta lakini usisimame karibu na pampu, au simama pembeni mahali penye mwanga na watu. Usivute handibreki, weka P na jiwe chini ya gurudumu. Toa watoto kwanza, upande ulio mbali na magari. Ukiona moto, nyunyiza kizimamoto cha poda kwenye chanzo chake kama unacho na moto bado ni mdogo, la sivyo sogeeni mbali na upige 999 au 112. Kizimamoto kikae karibu na kiti chako. Kule kwenye buti, chini ya mizigo, hakitakusaidia.

Mwambie Baba Baraka asiuze bado. Akiliuza lilivyo kwa mtu asiyejua, tumemkabidhi mtu huyo breki iliyokwama, naye ana watoto wake. Matengenezo niliyoyaeleza ni kazi ya siku moja gereji, na hata kalipa ikibidi inunuliwe, hayafiki karibu na bei ya giaboksi.

Fundi akilifungua gurudumu, piga picha pedi mbili za kushoto zikiwa zimelazwa kando kando, ya ndani na ya nje, unitumie. Nataka kuona ni ipi iliyolika.